Mashahidi wa Daktari Ouko

Gordon Ouko alikuwa na bahati ambayo mtu mwenye akili zake angeikumbatia akanyamaza kimya. Kijana aliyemshtaki, Bethwel wa Silibwet, alikuwa amepata kazi Qatar na kwenda zake. Maafisa waliovamia chumba chake pale Sosiot, nyuma ya duka la dawa za mifugo, walimkuta peke yake akila githeri, wala mkono wake haukuwa ndani ya kinywa cha mtu. Vielelezo vilivyopangwa mezani katika mahakama ya Kericho vilikuwa koleo mbili, koti jeupe na kiti cha kinyozi. Gordon akaapa kwamba yeye ni kinyozi. Koleo ni za kung'olea misumari, na koti ni la kuzuia nywele zisimwingie shingoni.

Alikuwa amesomewa sheria mara mbili. Kutibu meno bila leseni ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, ama kifungo kisichozidi miaka mitano, ama vyote viwili. Hata angeuzwa yeye mwenyewe pamoja na kiti chake, Gordon asingefikisha laki moja, kwa hiyo milioni hazikumsumbua hata kidogo. Kilichomnyima usingizi ni ile miaka mitano. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na mgongo wake haukupenda sakafu ya simiti.

"Mshtakiwa," hakimu alisema, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini, "unaweza kunyamaza, unaweza kujitetea, ama ulete mashahidi. Hakuna anayekulazimisha."

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaanza kurudisha faili zake mkobani. Gordon aliyaona hayo yote kwa macho yake. Lakini miaka tisa ya kuitwa daktari humharibu mtu ulimi. Kazi yenyewe aliichukulia Kisumu, alipokuwa akipangusa sakafu ya kliniki ya meno huku akichungulia juu ya bega la daktari wa kweli. Alichungulia miaka mitatu, akajihesabia kuwa amehitimu. Sosiot, ukimwita Mzee Ouko hakusikii. Ukimwita Daktari anageuka hata kama amelala. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia anyamaze mbele ya watu.

"Mashahidi wako nje, Mheshimiwa," alisema, akatengeneza kola.

Hiyo hekima aliitoa kwenye baraza la chifu, ambako mara nyingi aliona kesi ya shamba ikienda kwa yule aliyekuja na majirani wengi. Akadhani hakimu naye huhesabu vichwa. Basi juzi alimtuma mkewe, Aluoch, azunguke kwenye vituo vya kupimia majani chai. "Waambie wakuje wote. Kila mtu asimame aseme mazuri yangu, basi." Aluoch akamuuliza, mazuri gani hasa. Gordon akajibu kwamba wenyewe wanayajua, akaendelea na chai yake.

Walikuja watu thelathini na mmoja, ndani ya lori la kubebea majani chai, wamevaa nguo za kanisani.

Wa kwanza alikuwa Kiptanui, mkulima wa chai na mzee wa kanisa. Alishika Biblia, akaapa, akakohoa. "Mheshimiwa, huyu ni mtu wa maana sana. Mimi nilikaa siku tatu bila kulala, jino inapiga kama ngoma. Nikaenda kwa huyu. Dakika tano, jino iko kwa sahani."

Mwendesha mashtaka alizitoa faili zake tena, moja baada ya nyingine. "Kinyozi ndiye alikutoa jino, mzee?"

"Kinyozi gani?" Kiptanui alikasirika kwa niaba ya rafiki yake. "Huyu ni daktari. Hata wembe hajui kushika."

Gordon alimkonyeza, akamkazia macho, akakohoa mpaka askari akamletea maji. Haikusaidia. Tecla, mchuma chai, alifungua kinywa chote kuelekea kwa hakimu, aone vile pengo lilivyopona safi. Makori wa kiwandani alikuja na gego lake limefungwa kwenye karatasi ya gazeti, akalikabidhi kwa karani, na karani hakujua alipokee ama akanawe. Kama ingekuwa kesi ya mtu mwingine, Gordon angecheka mpaka ashike mbavu.

Bado alikuwa na uwongo mmoja. Kaka yake Owino, aliyefanana naye sana, alikufa mwezi uliopita, na maiti hafungwi. Angesema aliyeng'oa ni marehemu. Alikuwa ameshaanza kuutengeneza uso wa msiba alipoitwa Cheptoo.

Kogo Cheptoo, kama alivyoitwa na kila mtu kwa kuwa alikuwa na umri wa kuwa nyanya yao, alipanda kizimbani polepole. Alikuwa amejifunga leso kuzunguka kidevu, na shavu la kushoto lilikuwa limevimba.

"Mimi alinitoa wiki tatu imepita," alisema. "Bado inauma, na kuna maji chungu inatoka. Usiku joto inanipanda. Lakini daktari alisema nisukutue na maji ya chumvi. Mimi namwamini." Akamtabasamia kwa upande mmoja wa uso.

Gordon akaangalia chini. Siku ile alilisikia lile gego likikatika, akalihisi mkononi. Lilitoka na mzizi mmoja, na lilipaswa kuwa na miwili. Kulikuwa na watu watano kwenye foleni, na Daktari Ouko hakosei mbele ya foleni, kwa hiyo akamwambia habari za chumvi. Tangu hapo, akimwona sokoni, alivuka barabara. Aliona aibu, tena aibu kubwa, kisha akaenda kula.

"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi wako?"

Angesema hana, amtaje Owino, na mama huyu angerudi Sosiot na chumvi yake.

"Mheshimiwa, huyu mama apelekwe hospitali leo, si kesho. Mzizi ulivunjikia ndani. Ni mimi niliuacha."

"Wewe kinyozi?"

"Mimi si kinyozi. Hata udaktari sina."

Hakimu alivua miwani. Aliagiza gari, kisha mashtaka yakasomwa upya, na Gordon akajibu kwamba ni kweli. Alipewa miezi kumi na minane, bila faini. Kwa kusema ukweli, hakimu alieleza, amemwondolea miaka mingi. Kwa kuukalia wiki tatu, hawezi kumwondolea yote. Nyuma, Kiptanui alinung'unika kwamba waliambiwa waseme mazuri na wameyasema, sasa kosa ni la nani.

Cheptoo, akishikwa mkono na askari wa kike, alisimama mbele ya Gordon.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile, kogo."

Mama akalishika shavu lake. "Si ungeniambia tu. Ningeenda hospitali, halafu ningerudi kukuambia asante."

Askari mwingine alimgusa Gordon begani, naye akateremka ngazi za kwenda mahabusu.