Gari Isiyopenda Petroli ya Kenya

Gari ya Hamidah haikujua kushiba.

Siyo kwamba mwenyewe alikuwa mchoyo, hapana. Hamidah alikuwa anaendesha spesho, teksi ya kukodi, pale Busia, upande wa Uganda, mwaka wa sita huo, na kitu kimoja alikuwa amekijua vizuri: ukijaza tanki, habari inakutangulia nyumbani. Shangazi anakumbuka kuna matanga Buhehe. Jirani anakumbuka goti linamuuma na hospitali ni mbali. Kwa hiyo yeye aliweka petroli kidogo kidogo, ya kwenda na kurudi, basi. Mshale wa geji ulizoea kulala chini kabisa kama mbwa wa dukani, hata ukiupigia kelele hauinuki.

Sasa, mara moja moja petroli ikishuka bei upande wa Kenya, Hamidah alivuka na abiria, akarudi na nusu tanki. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Siku mbili tatu haziishi, ile taa ya njano ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mara ya kwanza akaona ni bahati mbaya. Mara ya pili akaguna. Mara ya tatu stendi nzima ilikuwa na jibu.

"Hajati, gari yako ni Mganda halisi," Badiru akamwambia. Huyu Badiru alikuwa dereva mwenzake, mdomo wake haujawahi kupata breki. "Ukiinywesha ya Kenya, inaharisha."

"Na wewe unayekunywa chai ya Kenya kila siku?"

"Mimi tumbo langu lina pasipoti."

Watu wakacheka, lakini waliamini. Tena fundi mwenyewe, Oguttu, ndiye aliyeleta hayo maneno. Oguttu alikuwa na gereji yake nyuma ya stendi, na mashine ndogo kama simu ya kupimia magari. Alikuwa anaichomeka chini ya usukani, anabonyeza mara mbili, taa inazima. "Wachana na petroli ya ng'ambo, dada," anasema, anajifuta mikono. "Weka ya hapa." Na kweli, Hamidah akirudi kwenye petroli yake ya hapa, ile ya kidogo kidogo, taa inakaa wiki tano, sita, bila kuwaka. Sasa utabishana na nani?

Ikafika Jumapili, simu ikalia kutoka Tororo. Mtu anaitwa Odeke, msimamizi wa magari wa shirika dogo linalopeleka manesi wa chanjo vijijini huko Kisoko. Dereva wao ameacha kazi. Jina la Hamidah wamelipata kwa nesi mmoja aliyewahi kupanda gari yake.

"Kazi ni ya mwaka mzima," Odeke akasema. "Unaanza asubuhi, jioni uko nyumbani. Lakini Ijumaa nataka kuona gari. Taa yoyote ikiwaka kwenye dashibodi, tusisumbuane. Na kila siku gari iwe na nusu tanki au zaidi. Kule hakuna stesheni ya petroli, na sitaki chanjo ziharibike njiani kwa sababu umeishiwa."

Hamidah alikata simu. Mwaka mzima wa kutogombania abiria pale mpakani, kuvutana mabegi na vijana wenye nguvu kuliko yeye. Mwaka mzima wa kula chakula cha jioni kikiwa moto. Aliitaka hiyo kazi mpaka akaona aibu kuitaka hivyo.

Jumatatu akaenda stesheni ya hapo hapo Busia, upande wa Uganda, akaweka nusu tanki. Kijana wa pampu akamwangalia mara mbili. "Leo kuna nini, mama?" Hamidah akacheka tu. Petroli ni ya hapa. Taa itasema nini?

Jumatano asubuhi, anapita Masaba na abiria wawili na mitungi ya maziwa, taa ikawaka.

Alipofika gereji hata salamu hakutoa. Oguttu alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana. Hamidah akaigonga miguu hiyo na kiatu.

"Toka! Toka uje uone Mkenya mwingine!"

"Mulembe, Hamidah," Oguttu akamsalimia.

"Mulembe ya nini? Petroli ni ya hapa, Oguttu. Nimeweka kwa mkono wangu. Na imewaka!"

Oguttu akatoka polepole, uso umejaa vumbi, anaangalia taa kama mtu anayeangalia mkwe aliyekuja bila kualikwa. Akachomeka mashine, akasoma.

"Ni ile ile," akasema. "Tundu dogo kwenye njia ya mvuke."

"Ile ile? Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Sasa, dada, ni kitu kidogo! Petroli kwenye tanki inatoa mvuke. Ule mvuke hautakiwi utoke nje, unapita kwenye mpira, unaingia kwenye kopo la makaa huko nyuma, halafu injini inauvuta inauchoma. Gari inajipima yenyewe kama huo mvuke unavuja. Yako inavuja kidogo tu, tundu kama ncha ya kalamu. Lakini si inatembea? Mimi hata harufu sisikii."

"Wewe pua yako ilikufa zamani. Unaoga na petroli."

Oguttu akainusa mikono yake, hakusikia kitu. Halafu akapata wazo. "Sikia. Mimi naifuta taa kwa mashine leo jioni, na Ijumaa alfajiri nafuta tena. Unafika Tororo, taa hamna, kazi unapata."

"Na Jumatatu? Wanataka nusu tanki kila siku. Utakuwa unakaa ndani ya buti na mashine yako, unafuta mpaka Kisoko?"

Ndipo hapo hapo Hamidah mwenyewe akasimama, mdomo wazi. Nusu tanki. Mara zote zile za Kenya ilikuwa nusu tanki. Na leo pia.

"Oguttu. Hii gari inajipima lini?"

"Inajipima tu... ikipenda."

"Angalia kwenye mashine yako. Si unajifanya daktari?"

Oguttu akaanza kubonyeza kurasa ambazo hajawahi kuzifungua tangu ainunue. Akasoma huku midomo inatembea. Mwisho akakaa chini juu ya tairi.

"Wee," akasema. "Inataka iwe imelala ikapoa kabisa. Na inataka petroli isiwe chini ya robo wala isijae sana. Mshale ukiwa chini, haijipimi."

"Kwa hiyo zile wiki taa ilikuwa haiwaki..."

"Haikuwa imepona. Ilikuwa haijapimwa."

Ni kama yule mtoto anayejisifu hajawahi kufeli, kumbe siku ya mtihani hakuingia. Badiru, aliyekuwa amefika kusikiliza ugomvi, akajikuna kichwa. "Basi tumewasingizia Wakenya bure."

"Wewe nenda ukawaombe msamaha," Hamidah akamwambia. "Oguttu, litafute hilo tundu. Leo."

Mfuniko wa tanki haukuwa na kosa, mpira wake bado laini. Kusikia kwa sikio haiwezekani. Oguttu akasema inabaki moshi. Akachukua kopo la rangi lenye mfuniko wa kubana, ndani akatia mafuta ya kupaka watoto, akachomeka plagi ya kupashia moto injini ya dizeli, akaiunga kwenye betri kuukuu. Plagi ikawa nyekundu, mafuta yakaanza kufuka moshi mweupe, mzito. Kopo akaliweka mbali, hatua sita, kwa sababu moto na mvuke wa petroli siyo marafiki, na mvuta sigara wa gereji akafukuzwa mpaka barabarani. Kutoka kwenye kopo akapitisha mpira mrefu mpaka kwenye bomba la mvuke huko mbele kwenye injini. Ule mdomo gari inapopumulia huko nyuma akauziba.

"Badiru, shika pampu ya baiskeli. Polepole! Kama unampulizia mtoto uji. Ukisukuma sana utapasua kitu kingine."

"Mimi? Mimi ni mtu wa spesho."

"Pampu!" Hamidah akasema, na Badiru akapampu.

Wakangoja. Hakuna kitu. Upepo ulikuwa unapita chini ya gari, kama kuna moshi unaupeleka Kenya bila forodha. Hamidah akavua leso yake ya pili, akaining'iniza kwenye bampa, akaomba na turubai la muuza vitunguu, wakazungushia nyuma yote. Halafu akaingia chini mwenyewe, tumbo kwenye vumbi, tochi mkononi. Oguttu alitaka kuingia, akamwambia hapana, hii ni kazi yangu, macho ni yangu.

Alikaa huko muda mrefu. Tairi, matope, chuma. Akalaza tochi upande, mwanga ukapita kando kando kwenye giza la turubai. Ndipo akauona: uzi mmoja wa moshi, mwembamba, unapanda juu ya gurudumu la kulia bila haraka, kama mtu anayetoka msikitini.

"Nimeuona! Badiru, usiache!"

"Mkono unakufa!"

"Ufe!"

Akasogea karibu. Mpira mweusi, unene wa kidole, unaoingia kwenye kopo la makaa. Na umefungwa waya. Waya wa kutu, umezungushwa mara tatu, umekaza mpaka umeula mpira. Oguttu akaingiza kichwa chini ya leso.

"Nani fundi mjinga alifunga waya hapa?" akauliza kwa furaha kubwa, kwa sababu huyo fundi hakuwa yeye.

Hamidah akasogeza tochi karibu. Ule waya aliujua. Mwaka jana alibeba magunia matano ya viazi, buti ikakataa kufunga, akaifunga na waya, na upande wa chini akatafuta kitu cha kushikia, akapapasa gizani, akapata kamba nyeusi imara. Kamba, alidhani. Baadaye akakata waya juu, huku chini akasahau.

"Hamidah?"

"Leta kisu," akasema. "Na usimwambie Badiru."

"Nimesikia!" Badiru akasema kutoka kwenye pampu, na mpaka jioni stendi nzima ilikuwa imesikia.

Mpira mpya wa petroli walipata karibu na mpaka. Oguttu akafunga, wakapiga moshi tena, Hamidah akaangalia mpaka macho yakauma: hamna. Kosa likafutwa. Alhamisi gari ililala ndani, haikwenda popote, na shangazi alipopiga simu kuhusu safari Hamidah akasema gari inaumwa. Geji, baada ya kuongeza petroli kidogo, ilikuwa nusu na nukta.

Ijumaa asubuhi, gari baridi kabisa, akawasha na kushika barabara ya Tororo. Njia nzima jicho moja kwenye lami, jingine kwenye dashibodi. Hakuna taa. Lakini sasa alijua kwamba taa kutowaka si jibu.

Odeke alikuwa mrefu, mpole, kalamu nyuma ya sikio. Aliangalia tairi, mikanda, geji. Akasema nusu iko, vizuri. Halafu akatoa mfukoni mashine yake mwenyewe, akaichomeka. Hamidah akasogea kuichungulia.

"Mhm," Odeke akasema. "Mvuke: imepimwa, imepita." Akamgeukia. "Wewe wa nne wiki hii. Wale watatu, taa zao zote zilikuwa zimezima, lakini mashine ilisema bado haijapimwa. Mtu amefuta asubuhi hiyo hiyo. Hao niliwarudisha. Yako nani alitengeneza?"

"Fundi Oguttu wa Busia," Hamidah akasema, kisha akaongeza, "na mimi nilikuwa chini."

"Chini ya gari?"

"Na tochi."

Odeke akaandika kitu, akapiga mluzi kuelekea ofisini. Nesi akatoka, Kate, kijana mwenye kofia kubwa, amekumbatia sanduku la chanjo la bluu. Akaingia mbele bila kuuliza, akafunga mkanda, akaweka sanduku mapajani.

"Kisoko wanatungoja tangu saa mbili," Kate akasema. "Unaijua njia?"

"Utanionyesha," Hamidah akasema, akawasha gari.