Ndama wa Marnix

Tii.

Sauti ndogo, kali kama ya kifaranga aliyepotelewa na mamaye, ilitoka gizani juu ya mlango wa bafu. Roos alifumbua macho. Saa kumi na mbili asubuhi, na Desemba ya Zelzate, kaskazini mwa Ubelgiji, haikuwa na nia ya kupambazuka kabla ya saa mbili na nusu. Akangoja. Tii.

Kilikuwa kile kidude cheupe cha kunusa gesi ya sumu itokayo kwenye hita, betri yake imekaribia kwisha. Fien, binti yake wa miaka minne, alikiita ndege. Alishaamka, amekaa kitandani, nywele timutimu.

"Mama, ndege ana njaa."

"Najua, kipenzi. Kesho nitamletea chakula."

Jana pia alisema kesho. Akapanda kiti, akachomoa betri, akaitupa kwenye droo ya vijiko.

"Ndege kalala?"

"Kalala fofofo. Haya, viatu."

Mtu anayeshinda na gesi hiyohiyo kazini hakupaswa kufanya vile. Lakini mazoea yana tabu. Alimpakia mtoto nyuma ya baiskeli, akamwacha shuleni, akafuata njia ya mfereji hadi kiwandani, ukungu ukimlowesha kope.

Nyuma ya tanuru kubwa la kuyeyushia chuma palikuwa na banda la bati, na ndani yake tangi moja refu. Bomba lilileta humo gesi ya tanuru, ile ambayo zamani ilichomwa bure hewani, na bakteria wasioonekana kwa macho waliila wakatoa spiriti ya kuendeshea magari. Roos alijifunza hayo shule ya jioni kwa miaka mitatu, Fien akilala kwenye kigari nyuma ya darasa. Mwenzake Marnix hakujifunza popote. Alilitumikia tanuru miaka thelathini. Baba yake alikuwa mfugaji, basi bakteria yeye aliwaita ndama.

"Wamenyonya usiku?" Roos aliuliza akivua koti.

"Kama mapacha wa dada yangu. Leo siku ya thelathini na nane, kabinti. Bado mbili tu."

Wakubwa walishasema: ndama wakiishi siku arobaini mfululizo, tangi kubwa litajengwa. Wakifa tena kama walivyokufa Septemba, banda linafungwa. Na ndama hawakuwa na subira. Wakikosa gesi kwa saa moja, wanaanza kufa.

Saa nne kidude kifuani mwa Roos kikapiga kelele. Cha Marnix kikafuata. Gesi ilikuwa inavuja mahali, gesi isiyo na harufu wala rangi. Sheria iliandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu: toka nje, funga valvu ya gesi, wala isifunguliwe kabla ya ukaguzi. Roos alitoka mbio, akashika gurudumu jekundu la valvu kwenye ukuta wa nje.

"Wee! Acha!" Marnix alifoka kutoka ndani. "Unataka kuniulia watoto? Ni ile nati ya juu, naijua kuliko mke wangu. Ikija baridi tu, inalegea. Dakika mbili."

"Sheria, mzee."

"Sheria haijawahi kulisha ndama. Kaa hapo uvute hewa, umeshaanza kupauka kama jibini."

Kupitia mlango ulio wazi Roos alimwona akivua kidude chake kilichokuwa kikipiga yowe, akakitia ndani ya kopo lake la mkate, akabana kifuniko, akazunguka nyuma ya tangi. Alishafanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili Roos alicheka. Safari hii pia alicheka.

Dakika mbili zikapita.

"Marnix?"

"Nakaza!"

Mkono wa Roos ulikuwa juu ya gurudumu, na baridi ya chuma ilipenya glavu. Aliwaza tangi kubwa. Aliwaza jioni zote zile, kigari, mwalimu akimwambia awe na moyo. Kuzungusha mara mbili tu, na yote yangekwisha. Dakika ya tatu. Akaita tena. Ndani ya kopo, kwa mbali, kitu kililia tii, tii, tii, kama kifaranga aliyefunikwa na chungu. Hakuna mwingine aliyejibu.

Alipozungusha ilikuwa dakika ya tano.

Waokoaji wenye barakoa walimtoa Marnix wakamlaza kwenye changarawe. Mashavu yake yalikuwa mekundu, kama ya mtoto aliyetoka kucheza kwenye theluji. Roos alijua kwamba ndivyo gesi hii inavyowapaka rangi watu inaowaua. Daktari alipiga magoti, akamkandamiza kifua muda mrefu, kisha akaacha.

Mchana akaja mkaguzi wa serikali, mama mmoja mwenye mvi. Kabla ya kuingia ofisini kwa mahojiano, meneja wa kiwanda alimvuta Roos kando.

"Mbegu ya bakteria tunayo, chupa moja kwenye barafu. Januari tunaanza upya, na wewe ndiye utakayelisimamia tangi. Mradi tu ajali ionekane ni ukaidi wa mtu mmoja. Marnix alikuwa mkaidi, nani asiyejua?"

Mkaguzi alifungua daftari. "Kidude chake kimekutwa ndani ya kopo la mkate. Ulikuwa unajua anafanya hivyo?"

Hapana. Neno hilo moja tu lingetosha, na marehemu hawezi kulibishia. Roos alitazama kahawa iliyopoa mbele yake. Ndama wangeanza upya kutoka kwenye chupa. Marnix hakuwa na chupa.

"Nilijua," alisema. "Na valvu ilikuwa mkononi mwangu dakika tano nzima. Sikuifunga mapema kwa sababu ya hao bakteria."

Meneja aliweka kalamu mezani, taratibu, wala hakumtazama tena.

Jioni, giza likiwa limeshashuka, alimchukua Fien shuleni, wakapitia dukani. Nyumbani hakuvua hata koti. Alipanda kiti, akatia betri mpya, akabonyeza kitufe.

Yowe likajaza nyumba. Fien aliziba masikio, akacheka. Kisha kelele ikakoma, taa ndogo ya kijani ikawaka, na Roos akashuka, akaketi palepale kwenye kiti, mikono mapajani, machozi yakimtiririka bila sauti. Mtoto akamtazama, akaitazama ile taa, akamwekea kiganja gotini.

"Mama, ndege ameamka."