Makinda wa Kozi

Vahwere alichaguliwa kushuka genge kwa sababu alikuwa na kilo arobaini na nane tu. Profesa Tharcisse, mkubwa wake wa kazi ya kuchunguza ndege pale Bunia, hakuficha jambo hilo. "Weye uko mwepesi," alimwambia walipotoka mtaa wa Rwambuzi alfajiri. "Kamba haitasikia kitu."

Hadi saa nne walikuwa Kasenyi, kando ya ziwa, wakihesabu shakwe na minandi mchangani. Kila Vahwere alipokosea, profesa alimtaka aanze upya, wavuvi wakitazama na kucheka. Kisha wakapanda majabali yaliyo juu ya ziwa, kwenye kiota cha kozi, ndege mwindaji aliyekuwa akiwamaliza wale shakwe. Hippolyte, mvuvi waliyemchukua awasaidie, alizungusha kamba kwenye mwamba, akamteremsha Vahwere polepole.

Kiotani mlikuwa na makinda wawili, weupe, midomo wazi. Vahwere alimtia mmoja ndani ya mfuko wa kupimia uzito, ulioning'inia kwenye mizani. Hakumwona mama yao akija. Alisikia upepo tu, halafu kucha zikamchana kuanzia kwenye paji la uso hadi ndani ya jicho la kushoto.

"Munivute! Professa, jicho!"

"Uzito kwanza," Tharcisse alijibu toka juu.

"Iko damu, sioni!"

"Uko na jicho ingine. Soma mizani."

Hippolyte akaanza kuvuta. "Professa, mutoto wa watu anaumia."

"Muvute, basi. Lakini kesho tutarudi hapa, na ni yeye atashuka tena."

Hippolyte aliacha kuvuta.

Vahwere akasoma mizani, akaandika namba kwa kupapasa kwenye daftari alilofungiwa kiunoni. Kozi alirudi, akamrarua kisogoni. Akamvisha kinda wa kwanza pete ya utambulisho mguuni, akaibana kwa koleo. Alipofika kwa wa pili, alikuwa amejaa maumivu na hasira ambayo hakuwa na wa kumtolea. Akaibana koleo kwa nguvu zake zote. Kimguu kikalia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Kinda hakupiga kelele. Alifunua mdomo tu, akamtazama. Vahwere akamrudisha kiotani.

"Tayari," akasema.

Alipofikishwa juu, Tharcisse alichukua daftari kabla ya kumtazama uso.

Hospitalini Bunia walilitoa lile jicho. Siku ya nne profesa alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua ukurasa uliolowa damu.

"Namba hii ya mwisho, ni trois, tatu, ao ni huit, nane?"

"Trois."

Akaandika. "Na makinda? Wote wawili walikuwa bien, wazima?"

Vahwere aliyaona yale macho meusi ya kinda wa pili na ule mdomo uliofunuka bila sauti.

"Wote bien," akasema.

"Vizuri sana. Mwezi ujao tutaenda kuona kama wameruka."

Tharcisse aliagana na muuguzi mlangoni, akicheka. Vahwere alijifunika shuka hadi kichwani, akauma kitambaa, asisikike akilia.