Diski Imehama, Suhaib Bado

Suhaib alikuwa fundi kompyuta, na mdomo alikuwa nao. Wiki nzima aliwatambia wenzake ofisini kwamba ataihamisha Linux yake, mfumo unaoendesha kompyuta, kutoka diski ndogo kwenda diski kubwa, kazi ya kufumba na kufumbua. Jumamosi asubuhi, kwenye nyumba waliyopanga Tabata, akanakili kila kitu, akawasha, ikakubali. Akajipigia makofi. Kisha akachomoa diski ya zamani, akawasha tena. Kioo kikaandika herufi mbili, L na I, basi.

"Imekuwaje?" akauliza Munira, mkewe wa miezi mitatu, mwiko mkononi.

"LILO hiyo," akasema Suhaib kwa sauti ya daktari. "Ndiyo inayoiamsha Linux. Nimehamisha vyote, ila sijaiambia kwamba tumehama. Kila ikiamka inakwenda kuitafuta kule kule kwa zamani."

"Tabia hiyo naijua," akasema Munira.

Suhaib akajitia hakusikia. Tangu waoane, kila siku akitoka kazini hupitia Temeke kwa mama yake, akala huko, akarudi ameshiba. Jana Munira, aliyechoka kula peke yake, alimwambia wazi: kesho napika pilau, na ukila tena kwa mama, humu ndani hatukai wawili.

Sasa ishu ikawa disketi ya kuwashia, ile ya kuiamsha kompyuta ikigoma kuamka yenyewe. Ilikuwa wapi? Kwenye droo ya chumba chake cha zamani, Temeke. Ebo!

"Naichukua mlangoni tu, nageuza," akaapa.

"Shikamoo mama," akaamkia alipofika Temeke.

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Na sahani hiyo hapo, wali wa nazi na mchuzi wa nguru. Tonge moja tu, akasema. Jamani, mtu mzima na ndevu zake! Alipoikumbuka disketi alikuwa anaramba vidole.

Akarudi mbio Tabata. Akawashia disketi, akaingia kwenye diski mpya, akarekebisha maelekezo, akaiendesha LILO upya. Akawasha bila disketi. L, I, L, O, na Linux hiyoo!

"Munira! Njoo uone! Haitegemei tena ya zamani!"

Munira akaja na sinia la pilau, anatabasamu. Suhaib akanawa, akamega tonge, likakwama kooni. La pili akalizungusha mdomoni weee, halishuki. Munira akamwinamia, akamtoa punje ya wali kwenye ndevu. Ilikuwa nyeupe. Pilau yake ilikuwa ya kahawia.

Hakugomba. Akaingia chumbani, akatoka na begi. Suhaib akaingiwa na hofu ya kweli.

"Munira, nakuomba, usirudi kwenu."

"Kwetu ni hapa. Mie nilishahama." Akamkabidhi begi. Lilikuwa la Suhaib mwenyewe, mashati yamekunjwa vizuri. "Wewe ndo bado. Nenda kwa mama. Siku ukihama, uje."

Suhaib akasimama mlangoni na begi lake, tumbo limejaa hadi linamuuma. Akajiona bwege, na kwa mara ya kwanza siku ile hakukosea.