Damu Yangu Inabisha Hodi

Binti yangu aliuficha mfuko wangu wa vifaa siku ile walipoipima presha yangu zahanati, wakaipima tena, kisha muuguzi akaniuliza kama nimekuja na mtu.

Mfuko huo ndio maisha yangu. Natengeneza cherehani, mji hadi mji, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Hata shule niliisoma vipande vipande: darasa la kwanza huku, la tatu kule, la pili sijaliona mpaka leo. Kwa binti huwa napumzika wiki mbili tatu. Nikianza kukizoea kitanda, naondoka.

Safari hii alinizuia. "Mtembezi hula miguu yake, baba," aliniambia huku akitunga uzi kwenye sindano bila kunitazama. "Wewe miguu umeshaimaliza, sasa unakula moyo."

Nikamwambia ile presha ni woga tu, koti jeupe linanipandisha damu kuliko mlima. Hakucheka. Mama yake naye alikuwa akisema hivyo hivyo, mpaka siku tulipomkuta ameiegemea cherehani, mguu ungali kwenye pedeli, gauni limeshonwa nusu. Cherehani yenyewe ndiyo hiyo anayoitumia binti.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetuelekeza hospitali kubwa. Huko kulikuwa na watu wanaovijaribu vipimo vya presha vya kuvaa, vya kutembea navyo mchana na kulala navyo usiku, nao walitafuta mikono ya kila aina, minene na myembamba. Tukapatana mimi na binti: vipimo vikisema mzima, mfuko unarudi. Vikisema mgonjwa, natulia mpaka daktari aseme.

Walinivalisha viwili. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, mkanda wa kitambaa wenye mrija ulioshuka mpaka kwenye kisanduku kiunoni. Mkono wa kulia, kitu kama saa. Saa ilikuwa na adabu: inapima kimyakimya, unaitazama namba, basi. Kisanduku kilikuwa na kisirani cha mkwe. Kila baada ya nusu saa kinanguruma na kunikaba mkono, na kikikaba, sharti usimame, mkono ulegee, mdomo uufunge.

Mimi tena, nisimame! Kilinikamata katikati ya soko. Nyuma yangu mchukuzi mwenye mkokoteni wa viazi akauliza, "Mzee, umezima? Nikusukume?" Watu wakaangua kicheko, nami jibu ninalo ila siruhusiwi kulitoa. Nikasimama kama mlingoti. Soko likanipita pande zote mbili kama maji yanavyolipita jiwe: mchukuzi na jasho lake, mama mwenye sinia kichwani, mtoto aliyelala mgongoni. Nikaduwaa. Kila kifua pale kilikuwa kazini, na hapakuwa na hata mmoja aliyekumbuka kuupigisha moyo wake. Masoko nimeyapita maisha yangu yote, na hilo sikuwahi kuliona, kwa sababu sikuwahi kusimama.

Saa ikasema ni mzima. Asubuhi mzima, mchana mzima, hata nilipopanda ngazi, mzima. Kisanduku hakikuonyesha namba zake, kilimtunzia daktari. Mimi nikaamini kinachoonekana, nikawa kila mara namwonyesha binti mkono kama mtoto aliyeota jino. Kesho yake alfajiri aliuteremsha mfuko kutoka juu ya kabati, akaupangusa vumbi, akanikabidhi. Tukaenda kurudisha vipimo, mfuko uko begani. Nilikwishapanga kutokea pale hospitali kwenda stendi.

Kumbe walikuwa hawajanimaliza. Walinikalisha kwenye chumba kidogo chenye madirisha yaliyofungwa kelele zisiingie. Wauguzi wawili, mama mtu mzima na kijana mmoja, walikaa huku na huku wametenganishwa na ubao ili asione mmoja anachoandika mwenziwe. Kifaa chao cha kusikilizia kilikuwa na kichwa kimoja, kinachowekwa juu ya mshipa wangu, na mipira miwili, kila mtu na masikio yake. Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, akanieleza kwamba kipimo hakiaminiwi mpaka kikubaliane na masikio ya watu, na masikio ya mtu hayaaminiwi mpaka yakubaliane na ya mwenzake. Nimetembea sana, sijapata kuona watu wanaotiliana shaka kwa heshima namna ile.

Wakapima kwa masikio, wakapima kwa vipimo, wakarudia. Wauguzi walipishana kidogo tu, kwenye mia moja sabini na kitu. Kisanduku kiliwafuata nyayo kwa nyayo. Saa ilibaki chini, mbali kabisa, inanichekea.

"Labda ni masikio yenu," nikasema.

"Masikio manne, baba, yazibe yote siku moja?" akauliza mama muuguzi.

Daktari alisema mkono mmoja hautoshi kuihukumu saa, bado kuna mikono mingine mingi. Lakini kwangu mimi imekosea. Na kisanduku kimesema zaidi: hata usingizini, wakati ambao damu ya watu hushuka ikapumzika, yangu ilikuwa juu kama iko njiani. Si koti jeupe.

Nadhani mama muuguzi aliuona uso wangu. Alinivalisha mpira wake masikioni, kijana akampa binti wa kwake. Mama muuguzi akajaza upepo kwenye mkanda. Kimya, mkono kama si wangu. Akaachia upepo polepole. Kisha: ko. Ko. Ko.

Sauti ile naijua. Milango niliyoibisha haina idadi. Mkanda ulikuwa mlango, na damu yangu ilisimama nje, inabisha hodi. Mlango ulivyozidi kulegea ndivyo hodi ilivyozidi kuwa laini, mpaka ikanyamaza. Nikashtuka, nikadhani moyo umesimama.

"Imeshapita," akasema mama muuguzi. "Aliyekwishaingia habishi tena."

Binti alikuwa bado ameinama, macho kayafumba. "Mama naye alikuwa anabisha hivi," akasema taratibu. "Hatukuwa na wa kusikiliza."

Nikaomba upepo ujazwe tena, na tukasikiliza tena, mimi na mwanangu, damu moja katika masikio manne.

Tulitoka na dawa, na siku ya kurudi kuvaa kisanduku. Getini, stendi iko kulia, nyumbani kushoto. Nilipopapasa bega sikuukuta mfuko. Alikuwa ameubeba binti, kaukumbatia kifuani.

"Kulia au kushoto, baba?"

"Ile cherehani ya mama yako," nikasema, "pedeli inalia. Twende nikaitie mafuta."