Kiko cha Saa Kumi

Mimi ni mhunzi, na mhunzi ana aibu moja kubwa: moto kumzimikia kabla kazi haijaisha. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na miwili. Wapo wanaojisifia watoto, wapo wanaojisifia magari. Mimi hujisifia kwamba makaa nikiyawasha asubuhi hayalali mpaka nyundo ilale. Nayasema haya mapema ili msinihukumu haraka kwa yale niliyomtendea baba mkwe wangu.

Mzee alihamia kwetu miezi mitano baada ya mama mkwe kufariki. Alikuja na sanduku la nguo, saa ya ukutani, viko viwili, na mkebe wa tumbaku ya Virginia, ile ya rangi ya dhahabu inayonukia kama nyasi kavu zilizopakwa asali. Maisha yake yote alikuwa fundi saa. Ni mtu mpole, wa maneno machache, na baada ya msiba hata hayo machache akayapunguza. Ukimwamkia ataitikia. Ukimuuliza kama amelala vizuri atasema vizuri, na mazungumzo yameishia hapo. Katika miaka kumi na mitano ya ukwe wetu, ukijumlisha yote tuliyowahi kuongea mimi naye, sidhani kama saa nzima inafika. Sikuwa na kinyongo naye. Sikujua tu pa kuanzia, mimi na mikono yangu hii kama majembe, na yeye na skrubu zake ndogo kama ufuta.

Starehe yake ilikuwa moja: kiko kimoja kwa siku, saa kumi alasiri, barazani. Wiki ya kwanza njiti ya kiberiti ilimponyoka ikatoboa mkeka, ndipo tukaona jinsi mikono yake inavyotetemeka. Mke wangu akachukua kiberiti akakifungia kabatini. "Baba, utatuunguza," akasema. Mzee hakubisha. Siku mbili alikaa barazani na kiko kitupu mdomoni, akitazama barabara. Siku ya tatu mke wangu uvumilivu ukamwishia, akanifuata karakana, nyuma ya nyumba.

"Wewe si mtu wa moto? Nenda kamwashie baba kiko chake."

"Mimi hata sigara sijawahi kuvuta."

"Nani kasema uvute? Nimesema uwashe."

Nikaenda kifua mbele, kiberiti mkononi. "Moto niachie mimi, Baba," nilimwambia. Akanitazama, akautazama mkebe, kisha akanikabidhi pamoja na kiko.

Nikachota tumbaku kwenye mkebe vilevile ilivyo, na unyevu wake, nikaijaza ndani ya kiko na kuishindilia kwa dole gumba kama ninavyoshindilia udongo kwenye tanuri. Nikawasha. Mzee akavuta, moshi haukuja. Akavuta tena mpaka mashavu yakabonyea. Ukaja. Nikafurahi. Kila moshi ulipopungua nilichoma njiti nyingine. "Inazima, Baba, vuta." Akavuta. "Vuta tena kidogo." Akavuta tena. Mwisho kiko kilikuwa cha moto hata kukishika shida, na mimi nikahesabu hiyo kuwa kazi nzuri.

"Asante, mwanangu," akasema, akajifuta mdomo kwa leso.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Saa kumi naweka nyundo chini, nanawa mikono, naenda barazani. Na katikati ya kuvuta, mzee akaanza kuongea. Alinisimulia saa ya ofisi moja iliyokuwa inagonga mara kumi na tatu, na wafanyakazi wote wakawa wanaitumia kama sababu ya kutoka mapema. Alinisimulia mteja mmoja aliyeleta saa yake kila mwezi kwa miaka sita, na haikuwa na ubovu wowote. "Nilikuwa naifungua, naipuliza, naifunga," akasema. "Yeye anakaa kwenye stuli anaongea. Akimaliza anaondoka na saa yake." Na mimi, ambaye sina mazoea ya kumwambia mtu mambo yangu, nikajikuta namwambia kwamba bega la kulia limeanza kuniuma na ninaogopa siku litakapogoma. Hilo hata mke wangu nilikuwa sijamwambia.

Sitaficha: nilianza kuisubiri saa kumi.

Lakini mzee akawa anakonda. Kwanza wali ukawa unabaki kwenye sahani. Kisha akaacha machungwa, ambayo zamani alikuwa akimaliza matatu kwa mkupuo. Chai akawa anaiacha mpaka ipoe kabisa, ndipo ainywe kwa upande mmoja wa mdomo, tone kwa tone. Ukimuuliza, anasema hana hamu. Shati likawa linamning'inia shingoni.

"Baba anamfuata mama," mke wangu aliniambia jikoni, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ninavyoijua. Akampigia simu dada yake mkubwa. Wakakubaliana mzee ahamie huko, safari ya siku nzima kwa basi, ghorofa ya nne, nyumba isiyoruhusu moshi. Huenda mahali papya pangempa hamu ya kuishi. Angeondoka Jumamosi.

"Umeshamwambia mwenyewe?" nikauliza.

"Nimemwambia. Kasema sawa."

Baba ni wake, si wangu. Nikarudi karakana nikapiga chuma ambacho hakikuhitaji kupigwa.

Alhamisi mke wangu alimpeleka hospitali akapimwe kabla ya safari. Saa kumi ilipofika walikuwa bado hawajarudi. Miguu ikanipeleka barazani yenyewe, mikono nimeshanawa. Kiti chake kitupu, saa ya ukutani inagonga kwa ndani, na mimi nimekaa kwenye kiti changu kama mtu aliyekosea siku ya miadi. Nikasikia upweke. Mtu mzima, mwenye nyumba na mke, nikasikia upweke kwa ajili ya mzee ambaye miaka yote nilikuwa simjui. Nikachukua kile kiko chake cha pili, nikakijaza kama ninavyomjazia, nikawasha kama ninavyomwashia. Nilitaka tu harufu yake iwepo pale.

Dakika kumi hazikufika. Moshi wa kwanza ulikuwa mtamu, nikaelewa kwa nini watu wanaupenda. Kisha ukaanza kuingia wa moto, na wenye mvuke, unapiga palepale kwenye ncha ya ulimi. Moto ukitaka kuzima navuta kwa nguvu, nachoma njiti nyingine, maana mimi na moto kuzima hatupatani. Nilipokiweka chini, ulimi ulikuwa kama nimelamba chuma kutoka kwenye makaa.

Nikajimiminia chai kutoka kwenye chupa. Funda la kwanza karibu niruke na kikombe. Nikaiacha ipoe. Kisha nikainywa taratibu, tone kwa tone, kwa upande wa mdomo, na hapo ndipo nilipouona mkono wangu mwenyewe umeshika kikombe kile kwa namna ile, umekiinamisha pembeni. Namna hiyo nilikuwa nimeitazama wiki sita.

Nikabaki nimeshika kikombe. Wali. Machungwa. Shati linaloning'inia. Nilitamani kulia na nilitamani kujipiga kofi.

Waliporudi mke wangu alikuwa amechoka. "Moyo mzima, presha nzuri," akasema. "Daktari anasema ni majonzi. Ngoja nikamalizie kupanga nguo zake." Akaingia ndani. Mzee akakaa kwenye kiti chake polepole. Mimi nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, naomba kuuona ulimi wako."

"Ulimi?"

Kweli, si jambo la kumwambia baba mkwe. "Basi nianze mimi," nikasema, nikautoa wangu.

Mzee aliutazama bila kucheka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile lenzi ndogo ya mafundi saa ambayo hakuiacha hata alipostaafu, akaibana jichoni, akaniinamia. Kwa muda mrefu alinikagua kama nimeletwa na mteja.

"Umevuta tumbaku yangu," akasema.

"Nimevuta kama ninavyokuvutisha wewe."

Akaitoa lenzi. Akatazama barabarani, akanitazama mimi. Kisha akautoa ulimi wake. Ncha ilikuwa nyekundu kama nyama mbichi, na pembeni imechubuka.

Mke wangu akatukuta hivyo, amekumbatia mashati, mume wake na baba yake wametoleana ndimi.

"Nyie mna nini?"

"Si majonzi," nikamwambia. "Ni mimi. Nimemuunguza ulimi." Kisha nikamgeukia mzee. "Tangu lini, Baba?"

"Siku ya kwanza."

"Wiki sita, na hukusema kitu?"

Mzee akaikunja leso yake mara mbili, akaikunjua. "Ningesema nini? Ningesema kinaniuma, huyu angekifungia kabatini pamoja na kiberiti." Akamwonyesha binti yake kwa kidevu. "Na kiko kikiondoka, wewe ungekuja kufanya nini hapa saa kumi?"

Mke wangu akakaa kwenye ngazi, mashati mapajani. Alilia, kisha akacheka huku analia, kisha akaniita jina ambalo sitaliandika. Jioni ile alimpigia dada yake. Mashati yakarudi kabatini.

Siku tano hatukugusa tumbaku. Mzee alipewa maziwa baridi na ndizi zilizopondwa, na mimi pia, kwa adhabu. Kila siku saa kumi niliweka nyundo chini, nikanawa mikono, nikaenda kukaa. Siku ya kwanza mzee alinitazama mikono, akaona sina kiberiti, akauliza nimekuja kuchukua nini. Nikamwambia nimekuja kukaa. Akasema, "Haya," akasogeza miguu yake nipate nafasi.

Siku ya sita akaanza kunifundisha. Yeye anasema, mimi natenda. Kwanza tumbaku nikaitandaza juu ya gazeti, maana hii ya Virginia ina sukari nyingi, ikiwa mbichi inakupikia mvuke mdomoni. Nusu saa. "Ibane kwa vidole. Ikinata, bado." Nikaibana, ikaachia. Kujaza sasa: ya chini nikaiacha idondoke tu, bila kusukuma. Ya juu nikaigusa kwa kidole cha mwisho. Dole gumba alilipiga marufuku kabisa.

"Hapo ni kioo cha saa," akasema. "Ukikibonyeza kitapasuka."

Nilipowasha, akavuta kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ya watu. Kisha akakitoa kiko mdomoni, akaisikiliza saa ya ukutani kule ndani. "Hesabu ishirini," akaniambia. Nikahesabu. Ndipo akavuta tena. Mara kwa mara alikigusisha kiko shavuni. Kikishaanza kuunguza shavu, alisema, kinataka kupumzishwa, kisibembelezwe. Moshi ulikuwa mwembamba hata huuoni vizuri, lakini baraza zima lilinukia mkate mtamu.

Katikati ya hadithi fulani ya saa ya mkononi iliyoanguka kisimani, moshi ukakatika. Mkono wangu ukaenda kwenye kiberiti kabla sijaufikiria.

"Iache," mzee akasema.

"Imezima, Baba."

"Najua. Mama yenu naye alikuwa anaiacha hivyohivyo. Tunaongea. Akija kukumbuka, ndiyo anawasha."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu tumzike. Kumbe mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka miaka minne nyuma, na ni mama aliyekuwa akimjazia na kumwashia kila alasiri, bila sisi watoto kujua. Alinieleza yote hayo taratibu, kiko kimekaa mkononi. Alinieleza kwamba mama alikuwa na vidole vyepesi kuliko fundi yeyote aliyewahi kufanya naye kazi, na kwamba saa kumi ndiyo saa anayomkosa zaidi. Nilimsikiliza. Kiberiti nikakirudisha mfukoni.

Alipomaliza akakohoa kidogo. "Mwambie mwenzio atuletee chai."

"Ipozwe kwanza?"

"Ya moto."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, ameshasikia. Akaleta vikombe viwili vinavyotoa mvuke, akasimama mlangoni kumtazama. Mzee akapuliza, akanywa funda zima, akameza, akauliza kama machungwa yapo. Yalikuwapo. Akala mawili, la tatu akanipa mimi.

Kiko kilikuwa mezani, baridi kabisa. Kule karakana nilikuwa nimeacha makaa yanawaka na panga la watu halijaisha, na kwa wakati ule yalikuwa yameshakuwa majivu. Nikamenya chungwa langu. Nitayawasha kesho.