Mfano wa Matumizi ya Bastinado

Chumba cha kamusi kilikuwa na meza moja, viti viwili vibovu na makaratasi ya kutosha kumzika mtu mzima. Siku hiyo Mhariri alikuwa na neno la Kiingereza ambalo hata wenye lugha yao hulisikia kwa nadra: bastinado. Maana aliyoiandika ni adhabu ya kumchapa mtu fimbo kwenye nyayo. Kwa kuiandika tu, siku yake ilikuwa imeingia nyongo.

Alikuwa akimfikiria kaka yake. Watu wa usalama walimchukua akiwa kijana hodari wa mbio, wakamrudisha akitembea kwa magoti. Huko kizuizini alikuwa amefungwa kitambaa machoni tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo sura ya mtesi wake hakuijua. Alibaki na sauti, na mambo mawili aliyomwambia Mhariri, dada yake, peke yake: kwamba nyayo zililowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi, na kwamba kabla ya kila pigo yule mtu alisema kwa upole, "Tulia, mwanangu."

Mpitiaji wa rasimu alikuwa mzee mstaafu, mkali wa alama za vituo kiasi kwamba ofisi nzima ilimwita Mzee Nukta. Hakuwahi kusema alistaafu kazi gani, na nani angethubutu kumhoji mzee wa watu? Aliisoma karatasi, akaguna, akachomoa kalamu nyekundu.

"Hapa umekosea, mwanangu," alisema. "Fimbo inapasua ngozi, inaacha ushahidi. Weka mpira wa maji. Na nyayo zilowekwe kwanza kwenye maji ya chumvi. Kamusi isidanganye watu."

Kiburi cha ufundi kilimponza mzee, wala hakujua.

Mhariri aliinuka, akatia komeo mlangoni, akachukua rula ya chuma ya kukatia karatasi na kumtandika mzee nayo gotini. Mzee akaanguka na kiti chake. Alipojaribu kujikinga alipigwa mkono, kidole kikavunjika, damu ikatapakaa kwenye rasimu. Mhariri alimvua viatu na soksi huku akitetemeka mwili mzima, na tusidanganyane, alikuwa akitetemeka kwa furaha pia.

Akampigia kaka yake simu, akaisogeza mdomoni mwa mzee. Rula aliikandamiza kooni mwake.

"Mwambie atulie."

Mzee alikataa, akakataa tena, kisha akalia.

"Tulia, mwanangu," alisema hatimaye.

Upande wa pili palikuwa kimya. Hofu ikamshika Mhariri: kama siye, basi alikuwa amemvunja mzee wa watu bure. Nje, wenzake walikuwa wameanza kuupiga mlango kumbo.

"Ndiye," kaka alisema. "Miguu yake unaiona?"

"Naiona."

"Ikoje?"

Akaitazama. Ilikuwa safi, kucha zimekatwa vizuri, visigino havina hata ufa.

"Laini," alisema, akainyanyua rula.